Klabu Kumi na Tatu: Tunausoma Vibaya Wasifu wa Straika wa Madaraja ya Chini Uingereza

Kila kikosi cha Taifa Stars kikitangazwa na ndani yake kuna jina linalotokea madaraja ya chini ya Uingereza, stori inakuwa ile ile. Kwenye AFCON ya Morocco alikuwepo Tarryn Allarakhia, winga wa Rochdale, timu iliyokuwa National League ambalo ni daraja la tano kule, na kabla ya hapo kwenye AFCON ya Ivory Coast aliitwa akiwa Wealdstone, daraja hilo hilo. Siku moja nipo kibanda umiza Stars inacheza, jamaa wa benchi la mbele akatoa simu akaanza kusoma kwa sauti klabu alizopita mchezaji mmoja wa diaspora, moja baada ya nyingine, kila akitaja watu wanacheka, alipomaliza akasema "huyu hatulii, kila msimu wanamtema, sasa sisi ndo tunamuokota". Hakuna aliyembishia. Hata mimi nilinyamaza, ila ile kauli haijanitoka mpaka leo, maana nimekuja kuisikia kwa watu wengi wanaoujua mpira vizuri tu, na naona kabisa kuna kitu hatujakielewa.

Msimamo wangu ni huu. Orodha ndefu ya klabu kwa straika wa madaraja ya chini Uingereza sio ushahidi wa kushindwa. Mara nyingi ni kinyume chake, ni ushahidi kwamba kuna watu wanaendelea kumhitaji kwenye soko ambalo halina huruma hata chembe. Sisi tunausoma wasifu wake kama cheti cha shule, mwanafunzi aliyehama shule kumi lazima ana tatizo. Lakini yule ni kama fundi ujenzi. Fundi akikwambia ameshajenga nyumba kumi na tatu humwambii hujatulia, unamuuliza zile nyumba zimesimama au zimeanguka, na je wenye nyumba waliwahi kumuita tena. Hayo maswali mawili ndo tunapaswa kumuuliza straika, na ndo hatumuulizi.

Kwanza tuelewe ile ajira yenyewe ilivyo. Uingereza ukitoa timu 20 za Premier League zinabaki 72 kwenye madaraja matatu yanayofuata, Championship, League One na League Two, kila moja timu 24, halafu chini yake kuna National League yenye 24 nyingine, na chini yake tena ligi za mikoa zinashuka mpaka huko mwisho. Kwenye haya madaraja timu inacheza mechi 46 za ligi, jumamosi saa tisa alasiri ya kwao na jumanne usiku, bado hujaweka vikombe. Huku chini hela ya TV ni kiduchu, klabu nyingi zinaishi kwa viingilio na mfuko wa tajiri mmoja wa mji, kwa hiyo mikataba ni mifupi, mwaka mmoja, miwili ukibahatika, na yote inaisha tarehe 30 Juni. Ligi ikiisha mwezi wa tano kila klabu inatoa orodha, hawa wanabaki, hawa tunaongea nao, hawa tunawashukuru. Mtu amefunga magoli kumi anajikuta kwenye kundi la tatu kwa sababu kocha kafukuzwa na mpya anataka fowadi mwepesi wa kukimbia nyuma ya mabeki, au timu imeshuka daraja na bajeti imekatwa. Kiwango chake hakijabadilika kitu, kilichobadilika ni mahitaji ya mwajiri.

Halafu kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui na linapotosha sana hizi orodha. Mpaka mwaka 2016 klabu za madaraja ya chini zilikuwa zinaruhusiwa kuchukua wachezaji kwa mkopo wa dharura hata dirisha likiwa limefungwa, mkopo wa mwezi mmoja mpaka siku 93. Straika wenu kaumia jumamosi, jumatano unampigia mwenzio simu unachukua straika wake wa benchi, anakuja anacheza mechi tano, anarudi. Kwenye simu ya yule jamaa wa kibanda umiza hiyo inasomeka kama klabu nzima, kama vile mtu alihamia, akashindwa, akafukuzwa. Kumbe alikwenda kuziba pengo la mwezi mmoja na akaziba.

Sasa tumchukue mtu mmoja tunayemjua wote, Adebayo Akinfenwa. Wengi wetu tunamjua kwenye gemu ya FIFA, lile dubwana lenye nguvu kuliko wote, kilo mia hivi, na tumemfanya kama kichekesho. Mimi naomba tumwangalie kama mfanyakazi. Kazaliwa London mwaka 1982, wazazi Wanigeria, alikuwa academy ya Watford, kaanza mpira wa wakubwa mwaka 2001, kastaafu 2022. Miaka ishirini na moja. Klabu kumi na tatu. Ukiisoma ile orodha harakaharaka utasema hatulii, ila ukiisoma pole pole, ukauliza kila klabu aliondoka kwa nini, picha inageuka kabisa.

Alianzia Lithuania, FK Atlantas, kijana mweusi wa miaka kumi na tisa kwenye nchi ambayo watu jukwaani walikuwa wanamwimbia nyimbo za kibaguzi, akavumilia, akabeba kombe la huko, akarudi. Akaenda Wales, Barry Town, msimu huo wakachukua ubingwa, na klabu ikaishiwa hela mwaka huo huo 2003, wachezaji wakatawanyika. Hapo utamlaumu kwa lipi? Klabu bingwa imefilisika yeye akiwa ndani, anatafuta kazi. Na akaingia kwenye soko la Uingereza wakati mbaya kuliko wote, maana mwaka 2002 ITV Digital, kampuni iliyonunua haki za kuonyesha ligi za chini, ilianguka ikiwa inadaiwa na ligi pauni milioni 178.5, klabu ambazo zilishaipangia matumizi ile hela zikabaki zimekodoa macho, wachezaji wakatemwa kwa mamia. Kwa hiyo msimu wa 2003/04 unamkuta Akinfenwa kwenye klabu nne, Boston United, Leyton Orient, Rushden & Diamonds, Doncaster Rovers, zote ndani ya msimu mmoja. Huo ndo ukurasa ambao mtu akiusoma anacheka. Mimi nikiusoma naona kijana wa miaka 21 anayekubali mkataba wa muda mfupi, unaisha, anabeba begi anaenda mji mwingine, na kila anapofika kuna kocha anayemwambia sawa, vaa jezi. Doncaster walimaliza msimu huo wakiwa mabingwa wa daraja lao. Rushden yenyewe haipo tena, ilikufa 2011. Kwamba mchezaji alidumu kuliko klabu iliyomuacha, hilo nalo ni la kulifikiria.

Baada ya hapo ndo anaanza kupata sehemu za kukaa. Torquay msimu mzima, wakashuka daraja lakini yeye alifunga magoli ya kutosha mpaka Swansea wakatoa hela kumnunua. Agosti 2005 Swansea wanafungua uwanja mpya, Liberty, mechi ya kwanza ya ligi dhidi ya Tranmere, inaisha 1-0, na goli ni la Akinfenwa, goli la kwanza la ligi kwenye uwanja ambao miaka michache baadaye ulikuja kuwa wa Premier League. Msimu huo huo akafunga kwenye fainali ya kombe la timu za madaraja ya chini walipoipiga Carlisle 2-1, na msimu huo huo tena akakosa penati kwenye fainali ya mchujo wa kupanda daraja dhidi ya Barnsley, Swansea wakabaki pale pale. Mwaka 2007 akavunjika mguu, mkataba ukaisha, na msimu mpya ukaanza hana klabu. Huo mguu ndo chanzo cha klabu mbili zinazofuata kwenye orodha. Millwall wakamchukua muda mfupi mwishoni mwa 2007, halafu Januari 2008 Northampton.

Hapa ndo naomba tutulie kidogo, maana hapa ndo penye hoja yangu yote. Northampton alikaa mpaka 2010, akaondoka kwenda Gillingham. Mwaka 2011 akarudi Northampton. Mwaka 2013 akaondoka tena, akarudi Gillingham. Yaani klabu mbili tofauti zimeishi naye, zimemjua asubuhi mpaka jioni, zinajua uzito wake, zinajua magoti yake, zinajua hawezi kukimbiza beki mita arobaini, zikaachana naye, na zote mbili zikamrudia. Kwenye ile orodha ya simu hiyo inaonekana kama vurugu, Northampton, Gillingham, Northampton, Gillingham, kama mtu anayezunguka mduara. Lakini kwenye maisha ya kazi hakuna sifa kubwa kama hiyo. Mteja wa kwanza anaweza kudanganywa na maneno ya wakala au video iliyokatwa vizuri. Mteja anayerudi hadanganywi, huyo anajua ananunua nini.

Na ananunua nini hasa? Ukitaka kuelewa, achana na magoli yake, mwangalie kwenye mpira mrefu. Kipa anapiga, mpira uko juu kama sekunde tatu hivi, mastraika wengi wanaangalia mpira tu. Yeye anaangalia kwanza beki yuko wapi. Anarudi nyuma hatua mbili mpaka mgongo wake unagusa kifua cha beki, anashusha makalio, anatanua mikono bila kumshika mtu, na pale beki anaposhtuka kashafungiwa mlango. Mpira unashuka kifuani, unaanguka mguuni, anaulaza kwa kiungo anayekuja mbio, kisha anageuka na kutembea kuelekea kwenye boksi. Anatembea, hakimbii. Timu nzima imepanda mita thelathini kwa kazi ya mtu mmoja aliyesimama. Jumamosi ya mwezi wa kwanza, uwanja umejaa tope, upepo unapeperusha kila pasi, mnaongoza 1-0 zimebaki dakika kumi na mbili, hiyo kazi ina thamani kuliko chenga zote za dunia. Kocha wa League Two anaijua hiyo thamani, na ndo maana simu ya Akinfenwa haikuacha kuita kwa miaka ishirini.

Mwaka 2014 akaenda AFC Wimbledon, klabu iliyoanzishwa na mashabiki wenyewe mwaka 2002 baada ya timu yao kuruhusiwa kuhamishiwa Milton Keynes. Januari 2015 kwenye FA Cup wakakutana na Liverpool, timu aliyoipenda tangu utoto, nahodha wao Gerrard kafunga, Akinfenwa kasawazisha, Gerrard kafunga tena, ikaisha 2-1. Na tarehe 30 Mei 2016 Wembley, fainali ya mchujo wa League Two dhidi ya Plymouth, Wimbledon wanaongoza 1-0, dakika za majeruhi zimeenda mbali sana, inapatikana penati na yeye anaung'ang'ania mpira, anapiga, 2-0, Wimbledon wamepanda daraja. Dakika chache baadaye anahojiwa kwenye TV palepale uwanjani, na anasema kwamba kiufundi yeye sasa hana kazi, makocha wamtafute WhatsApp. Watu walicheka sana na ile video ilizunguka dunia nzima. Lakini hebu isikilize tena bila kucheka. Mtu ana miaka 34, ametoka kufunga goli la mwisho la msimu kwenye uwanja mkubwa kuliko yote nchini kwake, timu yake imepanda daraja, na hana mkataba. Alikuwa anasema ukweli mtupu. Hakuna sentensi inayoieleza ajira ya straika wa madaraja ya chini vizuri kama ile, na sisi tukaichukua kama kichekesho.

Aliyemtafuta ni Gareth Ainsworth, kocha wa Wycombe wakati ule. Wakapanda League One mwaka 2018, na Julai 2020, Wembley tupu bila shabiki hata mmoja kwa sababu ya korona, wakaifunga Oxford 2-1 na kupanda Championship kwa mara ya kwanza kwenye historia ya klabu, Akinfenwa ana miaka 38. Jurgen Klopp, kocha wa Liverpool wakati ule, akamtumia video ya kumpongeza. Msimu uliofuata walishuka kwa tofauti ya pointi moja tu, wao 43, Derby 44.

Sasa tuje kwa wanaopinga, maana wapo na wengine wana hoja nzito. Hoja nzito kuliko zote ni ya ligi yetu. Mtu anakwambia Yanga imefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 ikalikosa kwa magoli ya ugenini tu mbele ya USM Alger, Simba imefika fainali hiyo hiyo 2025 mbele ya Berkane, sasa kwa nini nimuache straika anayecheza mechi za Caf mbele ya watu elfu sitini uwanja wa Mkapa nimchukue wa daraja la tano mbele ya watu elfu mbili? Hoja hii naiheshimu na sehemu kubwa naikubali. Hakuna sheria inayosema England ni England tu, na mchezaji wa nje asipewe namba kwa sababu ya pasipoti au lafudhi. Ninachoomba ni kwamba tusilinganishe majina ya ligi, tulinganishe kazi. Kuna mechi Stars inahitaji mtu wa kupokea mpira mrefu kwa mgongo dhidi ya mabeki wa Afrika Magharibi wenye miili, na kazi hiyo kule madaraja ya chini mtu anaifanya mara 46 kwa msimu, anaifanya akiwa na kidonda, anaifanya jumanne usiku kwenye baridi. Kuna mechi nyingine inahitaji kasi na akili ya nafasi ndogo, na hapo wa nyumbani atamzidi mbali. Kocha achague kwa mechi. Kumkataa mtu kwa sababu ya namba ya daraja ni uvivu wa kuangalia.

Hoja ya pili, kwamba kuna ambao kweli wanahama kwa sababu hakuna anayewataka, nayo ni kweli. Trevor Benjamin alinunuliwa na Leicester mwaka 2000 kwa zaidi ya pauni milioni moja akitokea Cambridge United, mambo hayakwenda, na kuanzia hapo ikawa mkopo juu ya mkopo mpaka akapita klabu zaidi ya ishirini, nyingi miezi michache, na njia yenyewe ilikuwa inateremka. Sitaki kuficha hilo. Ila hata pale angalia kilichotokea, klabu ilimnunua kwa bei ambayo mabega yake hayakuweza kuibeba, kisha ikawa inamtoa huku na kule kupunguza hasara. Hata hivyo, tofauti yake na Akinfenwa ipo na inaonekana ukitaka kuiona. Uliza alicheza dakika ngapi kila alipokwenda. Uliza kama kuna klabu iliyomrudia. Uliza kama timu alizopita zilipanda. Idadi ya klabu peke yake haikwambii kitu.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na ndo inayorudiwa kuliko zote, ni ile ya "angekuwa mzuri angeshaonekana akapanda". Hii inaudhi kwa sababu inachukulia soko la wachezaji kama mizani ya dhahabu, kila mtu anakaa panapomstahili. Rickie Lambert aliachwa na Blackpool akiwa kijana, akawa anafanya kazi kiwanda cha bitiruti ili apate nauli na chakula huku anafanya majaribio Macclesfield. Akapita Stockport, Rochdale, Bristol Rovers, miaka yote hiyo madaraja ya chini, na hakuna skauti wa Premier League aliyemwona, au walimwona wakasema ni mzito. Southampton wakamchukua 2009 wakiwa League One, wakapanda naye 2011, wakapanda tena 2012 yeye akiwa mfungaji bora wa Championship, na Agosti 2013 akiwa na miaka 31 akaingia Wembley England ikicheza na Scotland, mguso wake wa kwanza wa mpira ukawa goli la ushindi, 3-2. Grant Holt naye alipita Barrow wakati ipo nje kabisa ya ligi, akapita Rochdale na Shrewsbury, na msimu wa 2011/12 akafunga magoli 15 ya Premier League na Norwich. Miaka ile yote ya chini hawa watu walikuwa ni wale wale, wenye miguu ile ile. Kama ile hoja ingekuwa sahihi basi Lambert wa 2008 alikuwa mbovu na Lambert wa 2012 ni mzuri, na hilo halina mantiki. Fowadi anategemea nani anampa mpira, kocha anataka mpira gani, na bahati ya kuwa mzima siku skauti amekuja.

Lakini pia nawaonya wale wanaoitetea hii safari kwa kumtaja Jamie Vardy kila saa. Ndio, alikuwa Stocksbridge Park Steels kwa pauni thelathini kwa wiki, akaenda Halifax, Fleetwood, Leicester wakamnunua 2012 kwa pauni milioni moja, na 2016 akawa bingwa wa England. Ni stori ya kweli na inatia moyo sana. Shida ni kwamba ukiifanya Vardy ndo kipimo, basi kila ambaye hakufika Premier League unamuona kashindwa, na unarudi pale pale kwa jamaa wa kibanda umiza. Kwenye kila timu 72 zile, na 24 za chini yake, kuna mastraika watatu wanne, na karibu wote hawatacheza Premier League hata dakika moja. Wanalipa kodi ya nyumba, wanasomesha watoto, wanahama mji mwezi wa saba na mtoto anaanza shule mpya mwezi wa tisa, wanajua majina ya madaktari wa magoti kuliko majina ya majirani zao. Hiyo ni kazi, tena ngumu, na mtu anayeidumu miaka kumi na tano kaishinda.

Hapo ndo namkumbuka Adi Yussuf, mtoto wa Zanzibar, kazaliwa pale kisiwani, akalelewa kisoka academy ya Leicester, kisha safari ikawa Burton, Lincoln, Mansfield, Grimsby, Barrow, Solihull Moors, mpaka Blackpool mwaka 2019. Amewahi kuitwa Stars, na nakumbuka mapokezi yalivyokuwa, watu wengi wakauliza Solihull Moors ndo nini. Msimu ule Solihull walimaliza nafasi ya pili National League nyuma ya Leyton Orient, na Blackpool wa League One wakaja kumchukua straika wao. Kwa lugha ya soko lile huyo ni mtu aliyepandishwa cheo kazini, ila sisi tulichokiona ni orodha ndefu tu. Wakenya nao wana Jonah Ayunga, alianzia timu za wilayani kusini mwa Uingereza, akapita Sligo ya Ireland, Havant & Waterlooville, Bristol Rovers, Morecambe, akatokea St Mirren ya ligi kuu ya Scotland. Ukisoma katikati ya safari, pale Havant, ungesema huyu kaisha.

Kwa hiyo hii ishu ina maana kubwa kwetu kuliko kubishana vijiweni. Watu wa TFF, shirikisho letu la soka, wanaotafuta damu ya Kitanzania huko nje wakiendelea kuchuja kwa jina la klabu watakuwa wanaokota wale waliokaa benchi la akiba la timu kubwa, vijana wa miaka 22 ambao hawajawahi kucheza mechi yenye maana, huku wanamruka mtu aliyecheza mechi mia mbili za watu wazima ambazo kila moja ilikuwa ni mshahara wa mtu. Jezi ya akademi ya timu kubwa inapendeza kwenye picha, lakini mechi za vijana hakuna anayepoteza kazi akifungwa. Mimi ningeanza na dakika alizocheza, nikaenda kwa nani alimrudia, nikamalizia kwa kuangalia mechi mbili nzima, sio video ya dakika nne ya magoli.

Na ipo ya vijana wetu wenyewe wa hapa. Straika wa Bongo akiachwa na timu kubwa anaona dunia imeisha, anakataa kwenda timu ya mkoani kwa sababu ataonekana kashuka, anakaa nyumbani miezi sita akingoja simu ya Kariakoo, yaani Simba au Yanga, na mwili unaharibika akiwa anangoja. Tumemfundisha sisi kuogopa hivyo, kwa vicheko vyetu. Akinfenwa mwaka 2003 angeogopa kuchekwa asingeenda Boston, asingeenda Rushden, na mwaka uliofuata Torquay wasingemjua. Mastraika wetu wengi wanamaliza mpira na miaka 28 wakati miguu bado ipo, na naamini kabisa sehemu ya sababu ni hii aibu ya kuhama chini.

Mechi ya mwisho ya Akinfenwa kwa Wycombe ilikuwa Wembley tena, tarehe 21 Mei 2022, fainali ya mchujo wa League One, wakafungwa na Sunderland 2-0. Alishasema mapema kwamba msimu huo ukiisha anaachia ngazi. Miaka arobaini, magoli zaidi ya mia mbili, mechi zaidi ya mia saba, na mwezi wa tano ule, klabu zilipokuwa zinaandaa zile orodha zao za nani anabaki na nani anaondoka, tarehe ya kuondoka aliipanga yeye mwenyewe.